Mto Unavyoonekana kutoka Juu

Garsen
9 Januari 2025

Kwa mwanangu Zachary,

Bwana asifiwe. Sisi huku tu wazima, ila jua linatumaliza. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba tangu aanze zile dawa ulizomletea, ingawa bado anachechemea akijua kuna mtu anamtazama. Mama yako alikwenda Ndera kumwona mpwa wake aliyejifungua, akarudi na kuku wawili na maneno mengi. Msalimie Christabel, na umwambie asimwachishe mtoto kunyonya mapema kwa sababu ya kazi. Sikuulizwa, lakini nimesema.

Najua utacheka kupata barua ya karatasi. Cheka. Simu yangu inajulikana na Garsen nzima. Ikilia, anayeshika ni yule aliye karibu nayo, na ujumbe husomwa kwa sauti ili na walio mbali wasikie. Mambo ya maana nayaandika, nafunga bahasha, nampa karani wa basi.

Kwanza asante. Ulipokuja Desemba ukazitengeneza kompyuta za kituo chetu, ulituondolea aibu. Vijana walikuwa wamegeuza chumba kile kuwa jumba la kamari na sinema zisizotazamika. Sasa mtu akiwasha mashine anaona vitu vitatu tu: mahali pa kuandika, masomo ya shule, na huduma za serikali. Akizima, kesho yake mashine imerudi kama ilivyokuwa, haina virusi wala picha za mtu. Kamati imefurahi. Hata mwenyekiti, ambaye huwa hafurahi, amefurahi.

Jambo langu ni moja. Ramani imepotea, ile yenye picha zilizopigwa kutoka angani. Unaikumbuka mashine ya tatu, ya pale dirishani, jinsi wakulima wetu na wafugaji Waorma walivyokuwa wakijazana nyuma yake kuutazama mto kutoka juu. Mzee Hirbo alikuwa akiacha fimbo yake mlangoni, anatazama mpaka macho yanamtoka machozi, anasema, "Huyu mto kumbe amelala hivi." Wakati mwingine walibishana, lakini walibishana wakiwa wamesimama bega kwa bega, na kwetu hilo si dogo.

Huko ndani, mbali na mto, visima vimeanza kukauka. Ng'ombe watashuka mtoni mapema mwaka huu, na kamati inataka malka za kushukia mtoni zikubaliwe kabla hawajafika, ili kila mtu ajue ng'ombe watapita wapi katikati ya mashamba kwenda kunywa, na wapi hawatapita. Ramani ndiyo tuliyoitegemea. Turudishie, mwanangu. Neno la siri la kufungulia mashine unalo wewe peke yako.

Baba yako anakusalimu. Migomba yake imestawi sana.

Shangazi yako,
Priscilla


Nakuru
3 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema. Kuchelewa ni kwangu, na kisingizio changu ni kazi. Huku baridi ya asubuhi inauma. Christabel amepokea ushauri wako na anasema mtoto ananyonya kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Nimefurahi kusikia mguu wa baba umepata nafuu. Tafadhali asiache dawa katikati.

Kuhusu ramani. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi inatakiwa kuachiwa milango michache, shangazi. Ukiruhusu ramani, umeruhusu intaneti, na ukiruhusu intaneti, kamari imerudi. Pia ramani ya picha inakula bando, na mashine zile ni kuukuu, zitakwama. Kamati ndiyo iliyotaka zifungwe, nami nikafunga walivyotaka.

Halafu ramani ya intaneti si hati ya shamba. Mtu anaweza kuisoma vibaya akazua ugomvi. Mnao wazee wanaojua kila malka bila picha yoyote. Waulizeni hao.

Mama apokee salamu zangu. Mwambie nimeona picha ya wale kuku.

Wako,
Zachary


Garsen
12 Februari 2025

Kwa Zachary,

Salamu kwanza, nisije nikaambiwa nimesahau. Mama yako mzima. Mtoto wa Ndera amepewa jina la Joy. Kuku mmoja tumemla.

Umeniandikia maneno ya darasani, nami nilikuwa mwalimu kwa muda mrefu, najua mwanafunzi anavyojaza ukurasa asipotaka kujibu swali. Unasema ukiruhusu ramani kamari itarudi. Mbona huduma za serikali zinapita kwenye intaneti hiyohiyo na kamari haijarudi? Unasema kamati ndiyo iliyotaka. Zachary, kikao kile chai nilipika mimi. Walisema kamari, wakasema sinema chafu. Ramani haikutajwa na mtu.

Juzi Mzee Hirbo alikuja na wenzake. Nikabonyeza pale ramani ilipokuwa, mashine ikaandika kwamba hairuhusiwi, niwasiliane na msimamizi. Wakaniuliza msimamizi ni nani. Nikasema ni mimi. Mzee Hirbo akafikiri kidogo, akasema, "Basi Mwalimu, wasiliana." Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka, lakini niliona haya.

Na ile saa uliyoiweka! Dakika ishirini kwa kila mtu, kisha mashine inajifunga, na inaanza kuhesabu mtu anapokaa. Umewasahau watu wako mara hii? Mzee Hirbo akikaa hajaanza kazi, ameanza salamu. Habari ya nyumba, habari ya mguu wa baba yako Buya, habari ya mto, nami nimjibu, kisha nimuulize habari ya ng'ombe, ya watoto, ya malisho, ya kule alikotoka. Hakuna anayeruka hata moja. Alikuwa amefika kwenye ndama, mashine ikafunga. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu saa hakufundishwa salamu kwao?"

Jumapili baada ya ibada nilipitia shambani kwa baba yako. Nimeona migomba mipya imefika majini.

Sisemi zaidi.

Shangazi yako


Nakuru
24 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto ameota jino na kila mgeni anaonyeshwa.

Saa nitaiongeza nikija. Uliyosema juu ya salamu ni kweli, nilisahau. Lakini ramani siwezi.

Umeiona migomba. Sawa. Mimi niliiona Desemba. Mambo ya baba na mimi, shangazi, naomba yabaki ya baba na mimi. Ndizi za shamba lile ndizo zilizonisomesha, na hakuna siku baba alinihesabia.

Nilikuwa darasa la saba mwaka ule wa mapigano yetu na wafugaji. Unakumbuka tulivyolala kanisani, na wewe ukatuimbisha nyimbo ili watoto tusisikie ya nje. Wadogo hawakusikia. Mimi nilisikia. Tangu siku hizo naogopa kitu chochote kitakachomfanya mtu amnyooshee baba yangu kidole mbele ya watu waliokasirika. Ramani ingemnyooshea kidole. Isipoonekana, labda msimu utapita salama, mvua itanyesha, na ng'ombe watarudi walikotoka.

Naomba usiniombe tena.

Zachary


Garsen
6 Machi 2025

Mwanangu Zachary,

Mungu ambariki mtoto na jino lake. Mguu wa baba yako umepona, ila ana kikohozi. Mama yako haongei naye vizuri siku hizi. Sijamuuliza sababu kwa kuwa naijua.

Nimekupigia simu, mimi nisiyependa simu. Nimepiga tena. Hukushika. Basi soma.

Ng'ombe wamefika. Wako nyuma ya barabara ya Lamu, mbavu nje, wanalia wakinusa mto. Wenzetu wako kwenye mfungo wa Ramadhani, wanachunga wakiwa na kiu yao na kiu ya mifugo. Wanangoja waambiwe wapite wapi.

Unamjua Hawo, binti wa Mzee Hirbo, yule mama wa watoto wawili anayejisomea ili afanye mtihani wa kidato cha nne. Kila asubuhi anakaa mashine ya tatu, anafungua masomo uliyoyaruhusu wewe. Jana alifungua jiografia, somo la mito. Akaniita kwa sauti ya chini, "Mwalimu, njoo kidogo."

Ndani ya somo mna picha ya mto wetu, Zachary. Tana hii hii, kutoka juu, imepigwa zamani, kabla baba yako hajaongeza shamba. Na malka iko pale. Njia nyeupe iliyokanyagwa na kwato, inatoka uwandani mpaka majini, haina mgomba hata mmoja. Shamba la baba yako liko pembeni na adabu yake.

Ile ramani uliyoiondoa ingeonyesha migomba ya leo, na mtu angeweza hata kudai kwamba imekuwepo siku zote. Umeifunga hiyo, ukaacha picha inayoonyesha mambo yalivyokuwa. Nilitaka kucheka, sikuweza.

Hawo akaniambia, "Mimi nimeona. Wewe umeona. Baba bado." Nikamuuliza kwa nini aliniita mimi kwanza. Akajibu, "Mwaka ule wa vita mimi pia nilikuwa mtoto, Mwalimu." Kisha akasema, "Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Baba akiniuliza siwezi kumdanganya, nimefunga. Lakini bado hajaniuliza. Ongea na ndugu yako."

Nikaenda. Nilimkuta baba yako ananoa panga. Nikamwambia, "Kaka, umepanda kwenye malka." Hakukana. Alisema pale palikuwa wazi, ng'ombe hawajapita misimu mingi. Nikamjibu hawakupita kwa sababu mvua ilikuwepo na maji walikuwa nayo kwao. Akaendelea kunoa. Halafu akasema, "Zachary ameona. Mtoto wangu msomi ameona kwa macho yake na hakunilaumu. Wewe ni nani?"

Kwa hiyo neno la siri silitaki tena, kaa nalo. Ninachotaka ni uzungumze na baba yako kabla ya Jumamosi. Mimi hanisikii, mimi ni dada yake mdogo tu, hata nikiwa na mvi. Wewe anakusikia. Naogopa, mwanangu, nakwambia wazi. Sitaki kuwaimbia watoto kanisani tena.

Shangazi yako,
Priscilla


Nakuru
10 Machi 2025

Shangazi,

Safari hii salamu nimeziweka chini, unisamehe.

Nimempigia baba jana baada ya ibada. Nilimwambia, "Baba, toa ile migomba." Nilidhani mtandao umekatika. Nikaita, "Baba?" Akasema yupo.

Kisha akaniambia hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Siku ile nilipokuomba uifunge ramani, nilijua utakataa. Nilikuwa nimejiandaa kukukasirikia. Wewe ukasema, sawa baba. Hukuuliza hata kwa nini. Nikasema moyoni, kama Zachary hakuona kosa, basi kosa halipo. Ulipoondoka nikapanda mstari mwingine."

Nililia na yeye akisikia. Nilidhani namlinda, kumbe alikuwa akingoja mtu wa kumzuia, na aliyemngoja ni mimi. Akauliza kama Christabel hajambo, nikasema hajambo, akakata simu. Hakuniambia atafanya nini.

Neno la siri liko kwenye kikaratasi ndani ya bahasha hii. Nimeandika pia hatua za kurudisha ramani bila kuifungulia kamari. Ulikuwa umeshanikamata hapo. Inawezekana, na ilikuwa inawezekana tangu Januari. Mwonyeshe yeyote unayetaka kumwonyesha.

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto anakusalimu kwa meno mawili.

Zachary


Garsen
25 Machi 2025

Kwa mwanangu Zachary,

Nyumbani wote hawajambo. Kuku aliyebaki ametaga. Kikohozi cha baba yako kimekwisha, na habari kubwa ya nyumba hii ni yeye, kwa hiyo naanza naye.

Hakumwambia mtu kitu. Alhamisi asubuhi mama yako alisikia panga shambani, akaenda mbio akidhani kuna shari. Akamkuta peke yake, anakata migomba. Ile mipya yote aliikata, kisha akaingia kwenye ya zamani. Mama yako akamuuliza mbona anapitiliza. Akasema ng'ombe hawatembei kwa foleni. Alipomaliza alikaa chini katikati ya yale magogo, na mama yako akakaa naye, na tangu siku hiyo wanaongea vizuri.

Mikungu iliyokomaa alimpakilia mtu wa bodaboda, akampelekea Mzee Hirbo ya kufuturia. Hakutuma neno lolote pamoja nayo.

Jumamosi akaja kituoni. Hajawahi kukanyaga mle ndani tangu kituo kifunguliwe. Alivaa lile shati la harusi yako. Mzee Hirbo alikuwa ameshakaa kwenye mashine ya tatu, na Hawo amemfungulia somo la jiografia. Baba yake alikuwa amemuuliza, naye hakumdanganya. Picha ilikuwa wazi, malka nyeupe, kila aliyesimama nyuma akiiona.

Baba yako akavuta kiti, akakaa kando ya Mzee Hirbo. Wakaanza salamu.

Zachary, mimi nimezizoea salamu zetu, lakini hizo zilikuwa nyingine. Mguu, ng'ombe, watoto, walioolewa, waliofariki, mvua ya mwaka juzi, mvua isiyokuja. Kila mmoja alimngoja mwenzake amalize. Kamati nzima imesimama nyuma yao inahema, na hakuna aliyethubutu kuwaharakisha. Saa yako ikaisha, mashine ikajifunga, na wawili wale hawakuwa wameitazama picha hata mara moja.

Hawo akanyoosha mkono aiwashe tena. Baba yake akamwambia, "Wacha." Akamgeukia baba yako, akasema, "Buya, ile ndizi ilikuwa tamu."

Baba yako akasema, "Njia iko wazi."

Kikao kikaishia hapo. Mwenyekiti alikuwa ameandaa hotuba, akarudi nayo nyumbani.

Jumapili ng'ombe walishuka. Tulitoka kanisani tukasimama kando kuwatazama. Walipita tangu mchana hadi jioni, wakaingia majini mpaka tumboni, wakanywa. Hawakugusa mgomba. Nililia bila kujificha.

Nisikudanganye kwamba wote wamefurahi. Wapo majirani zetu wanaomwita baba yako mwoga, na kwenye malka ya chini bado watu wamepanda na hawataki kusikia. Tutakwenda huko pia, na safari hii tutakwenda na ramani. Nimeirudisha kwa kufuata hatua zako, na kamari haijaonekana. Vijana walijaribu, mashine ikawaambia wawasiliane na msimamizi, wakanitazama, wakatoka. Saa sikuigusa. Hiyo utakuja kuitengeneza mwenyewe, uiongezee muda wa salamu, kwa adhabu.

Jana baba yako alirudi kituoni, peke yake. Akaniomba nimwonyeshe shamba lake kutoka juu. Nikamtafutia. Migomba ilikuwa bado ipo, imefika majini, kwa kuwa picha zile hazipigwi kila siku. Nikamweleza hivyo, kwamba itachukua muda, pengine mwaka mzima, mpaka pale alipokata paonekane. Akaniuliza kama ni kweli siku moja pataonekana. Nikamwambia pataonekana.

Akavuta kiti karibu na kioo, akasema atangoja.

Shangazi yako akupendaye,
Priscilla